Miezi Minane ya Kujifunza Kuachia Mkono kwenye Piano

Siku mkono wangu wa kulia ulipogoma, nilikuwa ukurasa wa tatu wa kipande nilichokifanyia mazoezi kwa wiki 11. Watu kama 40 walikuwa wamekaa kimya wakisikiliza. Akili ilijua noti inayofuata, vidole vilijua pa kwenda, lakini kuanzia kiwiko hadi kiganja kila kitu kilikuwa kimekaza kama kamba iliyolowa. Kidole cha nne na cha tano vilishuka pamoja, vikabaki chini pamoja. Nikapiga noti tatu zisizo zake, nikaruka nusu ukurasa, nikadaka kodi ya mwisho, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, na kuinuka. Watu walipiga makofi. Nilikwenda nyuma ya pazia nikakaa, nimeupakata mkono kama mtoto mwenye homa, nikalia.

Kilichoniuma zaidi baadaye ni kujua kwamba mkono ulikuwa umeniambia mapema. Dalili zilikuja miezi kabla, moja baada ya nyingine, na kila moja niliipa tafsiri ya kishujaa. Naandika ili mwenye dalili kama hizo azielewe kabla hajafika nilikofika.

Nilianza piano ukubwani. Miaka 4 ya kwanza nilipiga kinanda cha umeme chenye vibonye vyepesi. Nilipohamia kwenye piano halisi niliona vibonye vizito, sauti haitoki sawasawa, na popote penye mbio za noti ndogondogo panachafuka. Nikajipima ugonjwa mwenyewe: vidole vyangu ni dhaifu, hasa cha nne, kile cha pete. (Wapiga piano huhesabu kuanzia gumba, ambalo ni la kwanza, hadi kidole kidogo, ambacho ni cha tano.) Nikaona dawa ya udhaifu ni nguvu. Nikatafuta mazoezi ya vidole ya kurudiarudia, nikayapiga dakika 45 kila asubuhi bila kupumzika. Niliinua kila kidole juu kadiri kinavyoweza kwenda, kisha nikakishusha kwa kishindo huku vingine vimebana vibonye chini. Metronomu, kile kifaa kinachohesabu mapigo, ilikuwa pembeni, na kila siku niliipandisha alama moja.

Wiki ya pili nilianza kusikia joto kwenye kigasha, ile sehemu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Lilikuja baada ya dakika 20 hivi. Nilifurahi. Nilidhani ndiyo misuli inajengeka, kama mtu anayenyanyua vyuma. Hili ndilo kosa lililonigharimu kuliko yote: niliyachukulia maumivu kuwa risiti ya kazi iliyofanyika. Siku ambayo mkono haukuuma niliona nimefanya uvivu.

Joto likawa kuuma. Kuuma kukawa ukakamavu wa asubuhi, vidole haviachani vizuri mpaka niviweke kwenye maji ya uvuguvugu. Kisha ikaja siku nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa. Nilinunua dawa ya kuchua na bendeji ya kufunga kifundo, nikaendelea kupiga nikiwa nimefungwa. Mkono uliokuwa ukilalamika kwamba umebanwa, mimi nikaubana zaidi. Sikumwambia mtu yeyote. Niliona aibu, kana kwamba kuumia ni ushahidi kwamba sikuzaliwa na kipaji.

Baada ya siku ile ya ukumbini nilikwenda kwa daktari. Alinibonyezabonyeza, akanipinda kifundo huku na huku, akasema mifupa ni mizima ila kano zimechokozwa kupita kiasi, na kwamba nisiguse piano kwa wiki tatu. Nilimwomba angalau iwe wiki moja. Akaniuliza kama nataka kupiga mwezi huu au nataka kupiga miaka 20 ijayo. Nikanyamaza.

Wiki zile tatu zilikuwa ngumu kuliko maumivu yenyewe. Ilinibidi nimwambie rafiki yangu wa karibu kwamba sitaweza kumpigia siku ya harusi yake, jambo nililokuwa nimemwahidi kwa mwaka mzima. Alinielewa, na uelewa wake ulinifanya nijisikie vibaya zaidi. Usiku nilikuwa nikisoma habari za wapiga piano walioumia. Robert Schumann aliharibikiwa na mkono wa kulia akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1830, akaacha ndoto ya kuwa mpigaji na kugeukia utunzi. Leon Fleisher, Mmarekani, alikuwa kwenye kilele cha kazi yake mwaka 1964 pale kidole cha nne na cha tano vya mkono wa kulia vilipoanza kujikunja vyenyewe. Alipiga vipande vya mkono wa kushoto peke yake kwa takriban miaka 30 kabla ya kurudi jukwaani kwa mikono miwili. Vidole vyake viwili ndivyo vilevile vyangu viwili, na usingizi ulinipaa. Daktari aliponiona tena alinihakikishia kwamba tatizo langu si lile. La Fleisher lilitoka kwenye namna ubongo unavyoiamuru misuli, langu lilikuwa la kazi iliyozidi. Lakini hofu ile ndiyo iliyonifanya nitafute mwalimu, jambo ambalo ningepaswa kulifanya miaka 4 nyuma.

Mwalimu niliyempata ni mama mtu mzima, mpole wa sauti. Nilidhani siku ya kwanza nitapiga ili anisikie. Hakutaka. Aliniketisha, akauchukua mkono wangu wa kulia chini ya kifundo, akauinua hadi usawa wa bega, akasema, "Niachie mkono wote, nitaubeba mimi." Nikamwambia nimeuachia. Akaondoa mkono wake ghafla. Wangu ulibaki ukining'inia hewani, umesimama kama tawi.

"Mwanangu," akasema, "kumbe ni nani alikuwa ameubeba?"

Tulirudia labda mara 30. Kila mara nilidhani nimelegea, na kila mara mkono ulibaki juu, au ulishuka polepole kwa sababu nilikuwa nikiushusha mimi. Nilipofanikiwa mara moja, ukaanguka pwaa kwenye paja kama kitu kisicho changu, nilishtuka. Sikuwa nimewahi kuusikia uzito wa mkono wangu mwenyewe. Jaribu hili na mtu unayemwamini kabla ya jambo lingine lolote. Ukiwa huwezi kuuacha mkono uanguke ukiwa umekaa tu, bila noti wala haraka, hutaweza kuuacha katikati ya mbio.

Somo la pili alifungua mfuniko wa piano ili nione ndani. Akaniambia nibonyeze kibonye kimoja polepole sana, polepole kiasi cha kutotoa sauti. Kibonye hushuka kiasi cha milimita 10 hivi. Karibu na mwisho wa safari hiyo kuna mahali unapohisi kikwazo kidogo, kama kitu kinateguka. Hapo ndipo nyundo inapoachiliwa na mtambo. Unapopiga kawaida, kuanzia hatua hiyo nyundo inaruka yenyewe kuelekea kwenye nyuzi, inagonga, inarudi. Kidole hakina tena la kuiambia. Ukikandamiza kibonye chini kwa nguvu zako zote baada ya hapo, sauti haiongezeki hata chembe.

Nilikaa nikikitazama kile kinyundo. Miaka yote ile nilikuwa nikikandamiza sakafu ya vibonye, noti baada ya noti, kwa nguvu ambayo haikuwa na kazi yoyote ila kuniumiza. Na kibonye chenyewe, akaniambia, kinahitaji uzito wa gramu 50 hivi ili kishuke. Kukishikilia chini kunahitaji hata pungufu ya hapo. Uzito wa mkono uliotulia unatosha na kubaki.

Kuanzia siku hiyo zoezi langu likawa hili, na bado nalifanya kila ninapoketi. Napiga noti moja kwa kidole cha tatu, sauti nene, yenye kujaa. Mara tu inapotoka naachia kila kitu isipokuwa kile kiasi kidogo kinachozuia kibonye kisipande. Nakisikiliza kifundo: je, naweza kukizungusha taratibu bila noti kukatika? Kiwiko je, mtu akikisukuma kwa kidole kitayumba, au kimesimama kama nguzo? Kisha noti inayofuata. Mwanzoni kuachia kulinichukua sekunde mbili au tatu kwa kila noti. Ni kazi ya kuchosha akili, na nilipata hamu ya kuharakisha kila dakika. Baada ya wiki 6 hivi kuachia kulikuwa kunakuja pamoja na sauti yenyewe. Kuanzia hapo nikaanza kuelewa kwamba mpigaji mzuri naye hukaza, sana tu, ila kwa kitambo kifupi mno na palepale panapohitajika, kisha huacha. Mimi nilikuwa nikikaza noti ya kwanza na kuubeba mkazo wake hadi noti ya elfu.

Kuhusu kidole cha nne, hapa nilikuwa nimepotea kabisa. Weka kiganja mezani, ukunje kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vinyooke juu ya meza. Sasa jaribu kuinua kidole cha pete peke yake. Kwa watu wengi hakinyanyuki, au kinanyanyuka kidogo mno. Kano zinazoinua vidole zimeunganishwa kule nyuma ya kiganja, na ya kidole cha nne imefungamana na za jirani zake. Hakuna mazoezi ya kuinua yatakayoikata kamba hiyo. Vilevile, ndani ya vidole hakuna misuli ya kuvisogeza. Misuli hiyo iko kwenye kiganja na kwenye kigasha, nayo huvuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo. Yale mazoezi yangu ya asubuhi, kuinua kimoja juu huku vingine vimebana chini, yalikuwa yanaamuru misuli ya kuinua na ya kushusha ivutane kwa wakati mmoja kwa dakika 45. Ndiyo maana joto lilikuwa kwenye kigasha. Ndiyo maana pia bendeji ya kifundo haikuweza kusaidia: nilikuwa naufunga mlango moto ukiwa chumba kingine.

Mwalimu alinifundisha kukisaidia kidole cha nne badala ya kukiadhibu. Mkono unasogea kidogo ili uje juu yake, uzito unakaa nyuma yake, na kinachobaki kwake ni kusimama imara kwenye ncha kwa kitambo kidogo. Noti za kidole cha nne zikaanza kutoka sawa na za wenzake bila kuongezewa nguvu. Ilinichukua labda siku 10 kuliona hilo kwa masikio yangu, baada ya miezi ya kukipiga vita.

Skeli nazo, yaani ngazi za noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio, tulizianza upya. Nilikuwa nimezoea kuanza na C kwa sababu kuisoma ni rahisi, vibonye vyeupe vitupu. Kwa mkono, alisema, ni miongoni mwa ngumu, kwa kuwa vidole vina urefu tofauti na vibonye vyote viko mstari mmoja. Alinipa mkao ambao Chopin, mtunzi na mpiga piano, alikuwa akiwapa wanafunzi wake: gumba kwenye E, kisha F-shapu, G-shapu, A-shapu, na kidole cha tano kwenye B. Vidole vitatu virefu vinakaa juu ya vibonye vyeusi, viwili vifupi kwenye vyeupe, na mkono unapata umbo lake lenyewe bila kulazimishwa. Chopin aliwaanzishia skeli ya B kabla ya ile ya C. Ukitaka kujua mkono wako uliolegea unapaswa kuwa na umbo gani, weka vidole hapo, ufumbe macho, uhisi.

Pale gumba linapopita chini ya vidole vingine ndipo nilipokuwa nikijifunga fundo. Nilikuwa nalikunja mapema, linasubiri chini ya kiganja likiwa limebana, na kiwiko kinapigwa kumbo kwenda nje. Sasa mkono wote unasafiri kwa usawa, taratibu, kama mtu anayesogea kwenye benchi, na gumba linafika mahali pake likiwa limebebwa. Nasisitiza sana gumba. Watu huangalia vidole vinavyopiga. Mkazo mwingi umejificha kwenye kile kisichopiga. Gumba lililojibana, kidole cha tano kilichojikunja juu hewani, meno yaliyoumana, pumzi iliyozuiwa: mimi nilikuwa navyo vyote vinne. Nilijirekodi video kwa pembeni nikaona bega la kulia linapanda kila ukurasa, mpaka mwishoni liko karibu na sikio. Sikuwa nahisi chochote. Video ya dakika tatu ilinionyesha kile ambacho hisia zangu zilikuwa zimeacha kuniambia.

Kiti pia. Nilikuwa nakaa chini mno na karibu mno. Kiwiko kikining'inia kinapaswa kuwa usawa wa vibonye au juu kidogo, nyayo zote mbili sakafuni, na uwe na nafasi ya kuinamia mbele. Nilibadilisha urefu wa kiti siku moja, na nusu ya mpindo wa kifundo ukaisha siku hiyohiyo. Natamani ningeanzia hapo, maana ndilo jambo pekee kwenye orodha nzima lisilohitaji subira.

Lililohitaji subira kuliko yote ni mbio. Mazoea yangu yalikuwa kupandisha metronomu alama moja moja, na kwa njia hiyo nilikuwa naubeba mkazo wa jana na kuuongezea wa leo. Sasa nagawa kifungu kirefu kuwa vipande vya noti nne tano. Napiga noti nne kwa kasi kamili, kwa pumzi moja, kisha nasimama kwenye ya tano na kukagua: kifundo, gumba, bega, taya. Kikiwa kimoja kimekaza sisongi mbele. Vikiwa sawa naongeza noti mbili. Kwa mitetemo, yaani noti mbili zinazopokezana haraka, na noti zinazopishana huku na huku, kigasha kinazunguka kama unavyozungusha kitasa cha mlango, na vidole vinapata nafuu kubwa. Kwa oktavo mfululizo, yaani noti mbili za jina moja, ya chini na ya juu, zinazopigwa pamoja kwa mkono mmoja, kosa langu lilikuwa kuuacha mkono umetanuka muda wote kama uma. Katikati ya oktavo na oktavo kuna nafasi, fupi kweli, ya kiganja kujirudisha. Ukiipoteza nafasi hiyo, utachomwa na kigasha kabla ukurasa haujaisha.

Nilirudi kwa dakika 5 kwa siku, mara mbili. Baada ya wiki mbili, dakika 10. Hapo nikafanya kosa jingine. Mwezi wa tatu nilijisikia nimepona, nikapiga saa mbili mfululizo usiku mmoja kwa furaha tu. Kesho yake joto lile lilirudi, nikapoteza siku 12. Tangu hapo nina kanuni ambayo sijaivunja: dakika 20, kisha ninainuka, hata kama ndiyo kwanza napata utamu. Maumivu yakija nasimama saa ileile. Uchovu mdogo unaoisha ndani ya dakika chache naukubali. Ganzi, maumivu yanayokuamsha usiku, au kidole kinachojikunja bila kuamriwa, hayo ni ya daktari, na usisubiri kama nilivyosubiri mimi.

Kuna mkazo ambao haukutoka kwenye misuli hata kidogo, nao bado napambana nao. Ni ule wa kuogopa noti mbaya. Mtu akiingia chumbani mkono wangu unabadilika kabla hajasema neno. Mwalimu aliniagiza nipige kwa makusudi nikiwa tayari kukosea, nisisimame, nisikunje uso, mkono uendelee kuwa mwepesi hata juu ya kosa. Mara ya kwanza sikuweza kumaliza mistari miwili. Machozi yalinijia, na sikujua yametoka wapi. Alisubiri, akanipa kitambaa, tukaendelea. Nadhani miaka mingi nilikuwa nimeshika vile vibonye kwa nguvu kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Wiki iliyopita, mwezi wa nane tangu ukumbini, nilipiga kile kipande chote mbele yake, kwa kasi ya pungufu kidogo. Ukurasa wa tatu ulipokaribia nilihisi bega linataka kupanda, nikatoa pumzi, likashuka. Vidole vya nne na tano vilipita pale pale vilipokwama, kimoja baada ya kingine. Mwalimu hakusifu. Alisema tu kwamba mkono wa kushoto unaporuka kwenda chini, kidole cha tano cha kulia bado kinajikunja hewani, na nikaangalia video nikaona ni kweli. Jumanne tunaanza na hicho.